Shemeji wa Nchi Tambarare

Munich, 4 Februari 1974

Dada Zenzi,

Tangu Mungu aisimamishe milima ya Alps, haijawahi kukanyagwa na mtelezaji wa theluji kama mdogo wako. Nasema hivi bila kujisifu. Jana nilivaa skii, zile mbao za kutelezea, kwa mara ya kwanza maishani, na ilipofika saa tano asubuhi mwalimu alikuwa amesimama ananitazama mdomo wazi, hana la kunifundisha. Nasikia wenyeji wanataka kuupa ule mteremko jina langu. Nimewaambia wangoje kwanza nife.

Haya, salamu. Hujambo dada yangu? Kifua chako kinaendeleaje na huo upepo wenu wa baharini? Mimi huku ni mzima kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Kuanzia kiunoni kushuka chini tutazungumza mbele. Mama mwenye nyumba anakusalimu, anauliza kama huko Bremerhaven mna chakula kingine zaidi ya samaki. Fundi wangu naye anakusalimu, na anasema hajapata kuona mwanafunzi anayesafisha dohani kwa mdomo.

Uliniandikia nimwangalie huyo Hinnerk wako kwa wiki zake sita za kozi ya mashine hapa kwetu. Nimtembeze mji, nisimdhihaki. Kumtembeza nimemtembeza. Ila hilo la pili, dada, ungechagua mchumba mwingine. Mtu anatoka Frisia Mashariki, nchi ambayo ng'ombe akipanda juu ya ndoo anaona mpaka Uholanzi. Juzi nilimpeleka ukumbi wa bia, yeye akaagiza chai. Meza nzima ikamgeukia. Ilipoletwa akatia maziwa, akaacha bila kukoroga, akawa anaitazama tu kama mtu anayesubiri yai lianguliwe. Nilijifanya nimekaa na watu wa meza ya pili.

Yeye ndiye aliyeniuliza kama najua kuteleza. Hawa watu wa kaskazini wanaamini sisi wa Bavaria tunatoka tumboni na skii miguuni. Sasa ningemjibu nini? Kwamba mtoto wa mtaa wa Giesing aliyelelewa na dada yake, mlima ameuona kwenye kalenda ya mwoka mikate? Nikamwambia mimi moto. Akasema vizuri, basi wewe utanifundisha, kisha akaenda kukata tiketi mbili za basi la duka la michezo, lile la safari ya siku moja kwa wanaoanza. Nikamwambia hao wanaoanza watanichosha, lakini kwa heshima ya dada yangu nitavumilia.

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hatujatoka nje ya mji watu walishafungua bia na soseji. Mama mmoja aliposikia kazi yangu ni dohani, akanigusa bega apate bahati, kama watu wanavyoamini juu ya msafisha dohani. Wakafuata wengine, kina dada wa kiwanda cha vitambaa, kiti kwa kiti. Nilikaa pale kama sanamu ya mtakatifu siku ya sikukuu yake. Ndipo Hinnerk akaona joto, akavua koti.

Dada, ile sweta. Ya kijani, yenye kulungu wawili kifuani. Ni mfano ule ule wa ile uliyonifumia nilipokuwa na miaka kumi, nikaivaa mpaka mikono ikaishia viwikoni. Wale kina dada wakasema aa, nzuri, nani kakufumia? Naye akajibu polepole, kama anavyojibu kila kitu, kwamba amefuma mchumba wake. Sikujua kama kulungu wale unawagawa.

Tulipofika tukakodi skii kwenye tawi la lile duka, chini ya mlima. Kule juu kuna mwalimu anaitwa Rosina, binti wa mkulima, ana mabega ya mpasua kuni. Kule hakuna Bwana wala Bibi, kila mtu jina lake tu. Alitufundisha kutanua visigino ili ncha za mbele zikutane kama paa la nyumba. Mapaa mimi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilielewa upesi kuliko wote. Nilianguka mara chache, kwa makusudi, wenzangu wajifunze namna ya kuanguka. Ila huyo wako hakuanguka. Kumbe huko kwao mifereji ikiganda wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma tangu utotoni, jambo ambalo mtu mwaminifu angelisema mapema. Ikawa mtazameni Hinnerk anavyokunja magoti, mtazameni Hinnerk anavyotulia. Kamba ya kuwavuta watu juu inabeba wawili wawili, fimbo moja chini ya makalio. Rosina akapanda na Hinnerk. Mimi nikapewa mwuza jibini mwenye kilo mia na kumi.

Safari ya tatu fimbo iliniponyoka katikati ya njia, kwa kuwa nilikuwa natazama mandhari. Nikajiweka pembeni penye miti, nipumzike. Hinnerk alikuwa anateremka, akaniona, akageuka aje nilipo, akaanguka. Mguu umeumia kidogo. Wakamshusha kwa kijigari cha kuburuta, sasa yuko hospitali hapa mjini. Usijisumbue kusafiri. Nipo.

Mdogo wako,
Xaver, bingwa

*

Bremerhaven, 10 Februari 1974

Mdogo wangu Xaver,

Barua yako nimeipata na nimecheka mpaka mistari minne ya mwisho. Mimi ni mzima, kifua kimetulia, kazi ofisini kwa wakausha samaki ni nyingi. Ama kweli wewe, mfupa wa muundi umevunjika mahali pawili, unaandika "kidogo"?

Hinnerk alikuwa aanze kazi kwenye meli mpya mwezi wa nne. Sasa meli itaondoka na fundi mwingine. Harusi ni Jumamosi baada ya Pasaka, na sijui kama atasimama kanisani au ataletwa kwenye kiti. Sikulaumu. Ameniandikia kwamba alianguka mwenyewe, na kwamba ulimvulia koti lako ukakaa naye kwenye theluji mpaka walipokuja kumchukua, umeganda midomo. Hilo hukulitaja kwenye majigambo yako yote. Ahsante, mdogo wangu.

Nenda ukamwone kila Jumapili. Nimekutumia kifurushi cha chai yao na sukari ya mawe. Kikombe cha kwanza usimkorogee, usimwulize kwa nini, mpe tu.

Kuhusu sweta. Wale kulungu nilijifunzia kwako. Yako ya kwanza ilikuwa na kulungu mwenye miguu mitano, umesahau? Yeye amepata iliyofumwa vizuri, wewe ulipata ya kwanza. Sasa niambie nani kapunjwa.

Dada yako,
Zenzi

*

Munich, 18 Februari 1974

Dada,

Salamu kutoka kwa mhudumu wa wagonjwa asiye na mshahara. Mimi mzima, wewe je? Theluji imeyeyuka, mapaa yanateleza, fundi ananifunga kamba kama mbuzi wa mnada.

Nimekwenda Jumapili mbili. Usimwonee huruma sana. Amelala kama mfalme, mguu umening'inia kwenye kamba na jiwe, na wauguzi watatu wanapokezana kumwuliza kama mto uko sawa. Nilipofika na chai yako, yule mkubwa wao alileta birika mwenyewe. Wodi nzima sasa inakunywa chai bila kukoroga. Kuna mzee wa Munich kabisa, dereva wa tramu mstaafu, nilimkuta anakitazama kikombe chake. Watu wanabadilishwa humu.

Anapenda kunisimulia habari zako. Eti unavyocheka kwanza halafu ndipo unaziba mdomo. Eti unavyokunja nguo. Kana kwamba mimi ni mpita njia aliyeingia kukwepa mvua. Nikamwambia nakujua tangu ukiwa unanipiga kwa taulo la vyombo. Akasema anajua, umemsimulia. Basi hata taulo umempa.

Nilimuuliza daktari, akasema ajali za mlimani ni bahati mbaya tu.

Jambo jingine, nauliza tu. Ulipoondoka ulisema miaka miwili. Miaka miwili inatimia mwezi wa tano. Kama harusi itasogezwa mbele, na meli amekosa, huko utakuwa unafanya nini? Chumba chako hakijapangishwa. Nalala jikoni kama zamani, kwa hiari yangu.

Mdogo wako,
Xaver

*

Bremerhaven, 3 Machi 1974

Xaver,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima. Barua hii isome ukiwa umekaa, halafu unijibu siku hiyo hiyo.

Daktari amemwambia Hinnerk jambo tofauti na ulilosikia wewe. Amesema mtu anayeanza, akianguka vile, skii hutakiwa kufyatuka mguuni yenyewe. Dukani wanakokodisha, kila mmoja huulizwa uzito wake na kama anajua, halafu wanakaza au wanalegeza skrubu ya kibanio kinachoshika kiatu kulingana na jibu. Mzito na mjuzi hukaziwa. Mwepesi na mgeni hulegezewa. Skii ya Hinnerk haikufyatuka. Iligeuka na mguu.

Akaliandikia duka. Wakampelekea nakala ya kadi yake, naye akanitumia, tena kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Imeandikwa: Tjarks, Hinnerk, mjuzi, kilo tisini na tano. Xaver, Hinnerk ana kilo sabini na mbili akiwa na viatu.

Mtu kujisifu dukani mbele ya kina dada wa basi ni ujinga. Ningemcheka na kumsamehe. Lakini anakataa. Nimemuuliza mara mbili kwa barua, na mara zote mbili anaandika kwamba hakusema neno, hakuulizwa, hajui kadi imetoka wapi. Kadi ina jina lake. Unamkumbuka baba na risiti za ile nyumba yake ya siri ya Augsburg? Mama ameziweka mezani, na yeye amekaa mbele yake anasema hajui zimetoka wapi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliapa siku ile kwamba sitakaa meza moja na mwanamume wa namna hiyo, hata awe mpole namna gani. Baba naye alikuwa mpole.

Wewe ulisimama naye pale kaunta. Niambie alisema nini. Ukiniandikia kwamba hakusema, nitaamini, nitachana kadi, basi. Wewe unajigamba tangu ulipoota meno, lakini kwa jambo la maana hujanidanganya hata mara moja.

Dada yako

*

Munich, 7 Machi 1974

Dada mpendwa,

Mimi sijambo, na natumaini barua hii itakukuta umepata usingizi.

Pale dukani palikuwa na kelele, watu hamsini wanagonga viatu vizito vya skii sakafuni na redio inaimba. Sikusikia alichosema. Mimi siwezi kumsingizia mtu. Ila kadi ni kadi, na jina ni jina.

Kama ukiamua kurudi, usiogope. Nimeshanunua rangi ya chumba chako, nyeupe yenye manjano kidogo. Fundi ana shemeji yake kwenye ofisi ya kiwanda cha sabuni, wanatafuta karani. Jumapili tutakwenda bustani ya bia kama zamani, utakunywa nusu yangu ukisema hunywi. Hapa hakuna atakayekuuliza maswali.

Mdogo wako anayekuwazia,
Xaver

*

Bremerhaven, 12 Machi 1974

Xaver wangu,

Nimekuelewa. Hukutaka kumsema mtu mgonjwa, nami nakuheshimu kwa hilo. Umekua bila mimi kuona.

Nimetoa taarifa kazini. Jumatatu nitapeleka pete posta, kwa rejista, pamoja na barua fupi. Tarehe mosi Aprili nitafika kwa treni ya mchana. Usimwambie chochote kabla hajaipata. Na Jumapili usiache kwenda kumwona; yeye hana mtu mwingine hapo mjini, na hilo si kosa lako.

Sweta abaki nayo.

Dada yako,
Zenzi

*

Munich, 18 Machi 1974

Dada Zenzi,

Telegramu uliyopata leo yenye maneno mawili, usitume pete, ni yangu. Nilikuwa mlangoni pa posta kabla hawajafungua. Sikuulizi hali na sikuelezi yangu, kwa sababu nikianza salamu nitaingia kwenye mzaha, na nikiingia kwenye mzaha sitatoka.

Jana nilikwenda hospitali. Nilikwenda nikiwa na furaha, nakuambia kweli. Nilikuwa na rangi kwenye kucha. Barua yako ilikuwa mfukoni na nilikuwa nahesabu hatua kwa hatua, zimebaki siku kumi na tano, kumi na tano. Nilitaka nimtazame kwa mara ya mwisho mtu aliyeshindwa.

Wameushusha mguu, sasa una plasta mpaka pajani. Akaniomba karatasi na kalamu. Akasema anakuandikia kwamba ni yeye, kwamba alisema dukani kuwa ni mjuzi na ana kilo tisini na tano. Nikamuuliza kwa nini aandike jambo ambalo hakulifanya. Nadhani hata yeye hakuona kosa langu hapo, kwamba nilijuaje kuwa hakulifanya.

Akanijibu kwa ile sauti yake ya pole pole. "Nimemwambia kweli mara mbili, haikusaidia. Kama uongo ndio atakaousamehe, basi acha nidanganye mara moja halafu nisidanganye tena. Nishikie hilo kabati, mdogo wangu, linayumba."

Nikalishika. Dada, nilisimama pale nimelishika kabati kwa mikono miwili ili mtu ambaye hajui kudanganya aandike uongo wake wa kwanza. Na aliuandika vibaya. Alikuwa anatafuta maneno kama mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto. Alipofika kwenye "nilijisifu" akasimama akaniuliza watu wa huku wanajisifuje, ili uone ni kweli.

Nikaivuta karatasi chini ya kalamu nikatoka mbio. Imo humu ndani ya bahasha, soma mwenyewe mwandiko. Kuvuta karatasi niliweza, kusema sikuweza. Nikitoka posta na hii nakwenda kwake moja kwa moja, nimwambie nikiwa nimesimama, kabla sijapata nafasi ya kutunga.

Sasa nikuambie siku ile ilivyokuwa. Sikuwa natazama mandhari. Nilianguka kutoka kwenye ile fimbo, nikabiringika mpaka kwenye miti, nikakumbatia mti na kulia, mimi ninayetembea juu ya mapaa ya ghorofa tano. Nilikuwa naona chini panazunguka. Shemeji alinisikia akiwa juu. Aligeuka aje kunichukua. Mwalimu alimpigia kelele asikate njia, mteremko ule haukuwa wa wanaoanza, na yeye akaja tu. Hakuniambia tangu siku hiyo kwamba nililia, wala hajakuambia wewe. Hilo koti nilimvulia kweli. Lakini nilipokuwa nimemfunika nilikuwa naitazama ile skii iliyokwama kwenye mguu wake, na nilijua kwa nini imekwama. Nilijua kabla ya daktari na kabla ya duka. Nimejua wiki sita.

Sikutaka avunjike. Niamini hilo hata kama hutaniamini tena kwa lolote. Nilitaka akianguka skii zisitoke, abaki chali kama mende anarusha miguu hewani, wale kina dada wamcheke na Rosina amcheke, nami nije nikuandikie. Nilitaka uwe na sababu moja ya kumcheka pamoja na mimi. Ni hilo tu nililotaka siku nzima, tangu aliposema kwenye basi nani amemfumia.

Harusi ifanyike. Usirudi kwa ajili yangu. Au rudi unipige, halafu uende zako.

Dukani ilikuwa hivi. Mimi nilitangulia kuulizwa, nikasema mjuzi, kilo themanini, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Yule mtu akaandika, akachukua kadi ya pili, akaniuliza, "Na huyu mwenzako?" Nilimjibu upesi upesi kwa Kigiesing chetu, redio ikiimba. Hinnerk hakusikia. Alikuwa amepiga magoti chini pale mbele yangu, ananifunga kiatu, kwa sababu mimi nilikuwa sijui kinavyofungwa na yeye alishaona, bila kumwambia mtu. Jibu nililitoa juu ya kichwa chake.

Xaver